Herufi Nyembamba kwa Macho ya Papa Paluku

Haya, vijana wa atelier, karakana yetu ya vitabu. Mmeniomba niandike habari za kazi kabla sijazisahau, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu sina mtu wa kugombana naye nyumbani. Nitaandika Kiswahili cha shule kadiri nitakavyoweza. Lakini watu nitakaowataja nitawaacha waseme kama walivyosema, maana nikimsemesha Papa Paluku Kiswahili cha vitabu hatakuwa Papa Paluku tena, na huko aliko atanikasirikia.

Nianze na jambo linalonichoma. Juzi nilipita kuwasalimia, nikamkuta mmoja wenu, simtaji, mwenyewe anajijua, anaangalia kitabu cha hesabu kwenye ordinateur, yaani kompyuta. Kioo kikubwa, herufi zinang'aa, na yeye anatabasamu. Akaniambia, "Mama Kavugho, ona vile iko muzuri." Nikamuuliza, "Kwenye liseuse umeangalia?" Akanijibu, "Bado, lakini itakuwa tu sawa."

Itakuwa tu sawa! Nilitaka kumvuta sikio. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi, na mpaka leo yakinijia nikiwa naosha vyombo, naacha sahani ndani ya maji natafuta kiti.

Kwa wale walioingia kazini juzi: liseuse ni kile kidude cha kusomea vitabu, chepesi, ambacho kioo chake hakiwaki kama cha simu bali kinafanana na karatasi ya kijivu. Tulianza kutengeneza vitabu vya humo kwa ajili ya walimu, kwa sababu kupeleka katoni za vitabu mpaka Manguredjipa juu ya pikipiki, wakati wa matope, kunamtoa mtu roho. Liseuse moja inabeba vitabu vya shule nzima. Ila kitabu chenyewe tunakitengeneza kwenye ordinateur, hapa Butembo, tumekaa kwenye viti vizuri. Msomaji yuko mbali, amekaa pengine, na macho mengine.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Paluku. Alikuwa mpangaji wa herufi katika imprimerie, yaani kiwanda cha kuchapa, moja ya mjini hapa, enzi za plomb. Plomb ni herufi za risasi, moja moja, nyingine ndogo kama punje ya mchele, zote zimegeuka kinyume. Unaziokota kutoka kwenye sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, unazipanga mstari kwa mstari, unazipaka wino, unapiga karatasi ya kwanza. Hiyo karatasi ya kwanza ndiyo épreuve. Unaisoma, unarekebisha makosa, ndipo unapiga zilizobaki.

Sasa sikilizeni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa karatasi ya nyimbo za misa. Niliisoma épreuve mlangoni kwa imprimerie, jua limewaka, nikaona hakuna kosa. Nikampelekea kwa majivuno. Papa Paluku hakuiangalia hata kidogo. Alivaa kofia, akanishika mkono, tukapanda kilima mpaka kanisani. Akanikalisha kwenye benchi la nyuma, karibu na nguzo, pale ambapo kina mama wazee wanapenda kukaa.

"Soma," akasema.

Nikasoma mstari wa kwanza kwa kubahatisha. Wa pili sikuuona kabisa. Herufi zilikuwa ndogo mno na pale palikuwa na giza.

"Hapa njo karatasi itasomewa," akaniambia. "Épreuve tunasomea hapa. Mu imprimerie tunasomea nini? Tuko tunaimba misa?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuwa na nyingine. Tangazo la sokoni alilisomea sokoni, akisukumwa na watu wa vitunguu. Kalenda aliipigilia ukutani kwa jirani, akarudi nyuma hatua nne. Na jambo jingine: mtu yule hakuwahi kusifu. Kazi ikiwa mbaya alikurudishia karatasi. Ikiwa nzuri, hakukurudishia. Miaka yote niliyokaa chini yake sikusikia "kazi iko muzuri" hata mara moja. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Nilimpenda sana. Nimwambie nani sasa, kama si ninyi?

Siku moja, wakati wa vita, patron wetu, mwenye imprimerie, alisikia kwamba askari wanaingia mjini na wanabeba kila kitu cha chuma. Akatutuma tufiche plomb kwa ndugu zake, nje ya mji. Tulipakia masanduku na kopo la wino juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukafunika majani ya ndizi, tukasukuma. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari mmoja akatusimamisha. Alijaribu kuinua sanduku kwa mkono mmoja, likamshinda. Akakoki bunduki.

"Oyo nini? Masasi?" akauliza kwa Kilingala, akidhani ni risasi za bunduki.

Naweza kusema sasa kwa kuwa ni mzee: nilijikojolea kidogo. Papa Paluku yeye akauliza, kama mtu anayepokea mteja, "Jina yako ni nani, chef?" Askari akashangaa, akasema Dieudonné. Papa akafungua sanduku, vidole vikaanza kuokota bila yeye kuangalia. Akalipanga jina, akalipaka wino kwa kidole gumba, akaligandamiza kwenye pakiti ya sigara iliyokuwa chini. Yule askari aliliangalia jina lake muda mrefu. Nadhani hakuwa amewahi kuliona limepigwa chapa. Akaiweka pakiti ndani ya kofia, akainua kamba ya barrière. Tulipopita kona ya kwanza Papa Paluku alikaa chini barabarani, akasema, "Herufi moja ilikuwa imevunjika. Bahati hakuona."

Njaa ya siku hizo tuliishinda kwa msaada wa mke wake, Mama Masika. Alikuja imprimerie saa sita na sufuria kichwani, maharagi na bugali, akatulisha wote huku akitugombeza. Kiunoni, ndani ya kitenge, alichomeka daftari na kipande cha penseli. Aliandika kila kitu humo. Maharagi gani yapandwe lini. Nani alileta nini siku ya kilio cha nani. Mtoto gani alizaliwa na upele. Aliandika herufi ndogo sana, pande zote mbili na pembeni, kwa kuwa wakati ule kupata daftari ilikuwa shida. Papa alimtania, "Masika, uko unaandika gazeti?" Naye akajibu, "Utaisoma siku nitanyamaza."

Vita vile vikapita, vikaja vingine. Ordinateur ikafika, plomb ikafa. Mama Masika naye akafa, kwa homa, katika wiki moja tu. Papa Paluku hakuweza kukaa peke yake katika nyumba ile. Alishuka Beni kwa binti yake Kahindo, ambaye ana nyumba upande wa Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Na macho yake yakaanza kuzimika. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakitarudi, na kilichobaki kitaendelea kupungua polepole.

Kabla ya kuteremka alinipa daftari la Mama Masika.

"Penseli hii siioni tena," akasema. "Uitie mu liseuse. Nasikia mule herufi inaweza kuwa kubwa. Nataka nisome mimi mwenyewe, kabla macho iishe."

Nikamwambia, "Papa, Kahindo anaweza kukusomea leo leo."

"Hapana. Hiyo ni sauti ya Masika. Sitaki kuisikia mu kinywa ya mutu mwingine. Na wewe usiniambie mambo ya ndani, hata neno moja."

Basi mnaelewa nilichopewa. Mtu anataka kumsikia mke wake kwa macho, na macho yana siku zake.

Nilifanya kazi ile kwa moyo, na moyo ndio ulioniponza. Niliandika daftari lote kwenye ordinateur. Kisha nikajiambia, nimpe zawadi: amsome Mama Masika kwa herufi zake mwenyewe, zile za imprimerie. Nilitafuta wiki mbili mpaka nikapata muundo wa herufi uliofanana na plomb yetu. Nyumbani nilikuwa nimeweka vipande vya plomb ndani ya kopo la maziwa. Nilivitoa, nikavisafisha kwa mswaki, nikalinganisha kimoja kimoja na kioo. Mguu wa "m" ule ule, mwembamba, na kisigino chake. Nililia kwa furaha. Na ili liseuse isije ikambadilishia, nikazifungia herufi ndani ya kitabu, na ukubwa wake nikaufunga. Kwenye programu ya kusomea ya ordinateur, ukurasa ulikuwa kama uliotoka mikononi mwake. Nikasema itakuwa tu sawa.

Barabara ya Beni wakati huo ilikuwa mbaya. Watu walikuwa wanauawa njiani. Liseuse niliituma kwa mkono wa mtu aliyesafiri na msafara wa askari, halafu njia ikafungwa kabisa. Nilipata simu moja tu, inakatika-katika.

"Umesoma, Papa?"

"Kavugho, mwanangu. Kazi iko muzuri."

Nilizunguka nyumba nikiimba. Miezi minane niliishi na maneno hayo.

Njia ilipofunguka nikapanda gari. Ukitoka kwenye baridi yetu na kushuka Beni, unavua sweta njiani, na mwanga unabadilika, unakuwa mweupe. Kahindo alinipokea kwa vigelegele. Papa Paluku alikuwa amekaa dirishani, saa nne asubuhi, na kabla sijasema neno akasema, "Ni Kavugho. Anaburuta kiatu ya kushoto."

Tulisalimiana, tukacheka, tukataja waliokufa. Kisha nikaomba kuona liseuse, nijue amefika wapi. Kahindo akamwangalia baba yake. Akaenda kabatini akaitoa, imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa cha mama yake. Courant, yaani umeme wake, ilikuwa imejaa. Kila Jumapili aliipeleka kwa jirani mwenye plaque ya umeme wa jua, maana Papa alimwambia, "Siku Kavugho atakuya, asikute imekufa."

Nikaiwasha. Ilikuwa ukurasa wa kwanza.

"Papa, hukusoma?"

"Niliona majivu," akasema. "Kurasa yote ni majivu."

Kahindo akaongeza kwa sauti ndogo kwamba alibonyeza alama ya kukuza mpaka kidole kikamuuma, na herufi hazikusogea. Bila shaka hazikusogea. Mimi ndiye niliyezifunga.

"Lakini uliniambia kazi iko muzuri!"

"Na wewe ukaamini? Ni siku gani niliwahi kukuambia kazi iko muzuri?"

Alikuwa amenipigia kengele, mimi nikaicheza kama ngoma.

"Sasa kwa nini, Papa? Kwa nini hukusema ukweli?"

"Ningesema, ungepanda pikipiki siku ileile. Nakujua. Na ile barabara ilikuwa inakula batu. Nimuzike Masika, nikuzike na wewe, sababu ya daftari?"

Nililia mbele yao kama mtoto. Miezi minane ya macho yake ilikuwa imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha. Aliniacha nilie kidogo, kisha akasema, "Bon. Panguza. Leta mashini."

Nilikuwa na ordinateur ndogo ya kubeba. Nikamwonyesha ukurasa. Alisogea mpaka pua ikagusa kioo. "Hapa naona kivuli. Kwenye liseuse sioni kitu. Hizi herufi ulilinganisha na nini?"

"Na plomb, Papa. Niko nayo mu kopo."

Alicheka mpaka akakohoa, Kahindo akaja na maji.

"Eh, Nyamuhanga, Mungu wangu! Plomb? Kavugho, mutu hasomake plomb. Mutu anasoma wino! Plomb ilikuwa nyembamba sababu karatasi yetu ilikuwa inakunywa wino, wino inatambaa, herufi inanenepa. Tuliikata nyembamba ili inenepe. Hii kioo inakunywa nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa na mvi tayari. Nilichora chuma, nikasahau karatasi. Na ordinateur ilinisaidia kujidanganya. Ile ina taa nyuma ya kioo, ina rangi nyingi za kulainisha kingo za herufi, hata mguu mwembamba unaonekana umesimama. Liseuse, hasa hizi za zamani tulizo nazo, ina aina chache za kijivu, na chini yake ni kijivu vilevile. Mguu mwembamba haupati nafasi ya kutosha, basi inauchora nusu, umefifia. Mwenye macho mazima anasema si kitu. Mwenye macho yanayozimika anaona majivu.

Tulifanya kazi siku tatu, kati ya saa nne na saa sita, pale pale dirishani, kwa sababu hiyo ndiyo saa yake ya kusoma. Épreuve baada ya épreuve. Mimi narekebisha kwenye ordinateur, napitisha kwa waya mpaka liseuse, namkabidhi, anaiinua, ananirudishia.

"Nenepesha."

Nanenepesha.

"Sasa umejaza matumbo ya herufi. Hii ni 'e' ao ni 'o'? Fungua matumbo."

Nikatafuta herufi nyingine, nene lakini yenye matumbo wazi. Nikaachanisha mistari. Nikafungua ukubwa, aukuze mwenyewe atakavyo. Nilikuwa nimenyoosha kingo zote mbili za ukurasa, kama tulivyofanya kwenye plomb, naye akakataa. Herufi zikiwa kubwa, mstari unabeba maneno mawili matatu, ukiyavuta yafike ukingoni unabaki na mashimo katikati. "Acha upande ya kuume isimame ovyo," akasema. "Masika hakuandikaka kwa kuvuta kamba." Nilisahau kwamba haoni vizuri. Nilirudi kuwa msichana wa imprimerie, nikiogopa kurudishiwa karatasi, na sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tangu wakati huo. Natamani siku tatu zile kuliko ujana wangu wote.

Siku ya tatu ndege ilipita juu ya nyumba, vyombo vikatetemeka, ikapotea. Nikamkabidhi liseuse. Ukurasa ulibeba maneno matano tu. Aliiinua. Midomo ikaanza kutembea.

"Maharagi... ya Lubero... haipendi... chumvi."

Akaishusha magotini. "Ni yeye," akasema.

Nikangoja. Nilitaka aseme neno, nakiri, hata baada ya miaka yote ile. Akaiinua tena liseuse na kunipungia mkono.

"Toka mbele ya dirisha. Unanifungia mwangaza."

Nikajua nimefaulu.

Alisoma hivyo, maneno matano kwa ukurasa mmoja, kila siku saa nne mpaka saa sita. Kahindo alinisimulia kwa simu kwamba anamsikia akimjibu mama yake, mara anacheka, mara anabisha. Watu wa Mavivi walipokimbia mashambulizi, Papa alitoka pekupeku, viatu alivisahau, liseuse iko chini ya shati. Walirudi baada ya wiki mbili. Mwaka uliofuata aliugua kifua, akafa kitandani mwake. Nilishuka Beni kwenye kilio.

Kahindo alinipa liseuse nirudi nayo atelier. Niliiwasha pale pale, na nikashangaa. Kurasa tano zilikuwa zimebaki.

"Hakumaliza?"

"Alikuwa anafika hapo, anarudi ku mwanzo," Kahindo akasema. "Mara tano, mara sita, sikuhesabu. Nikamuambia, 'Papa, maliza basi.' Akaniambia, 'Nikimaliza, Masika ataniambia nini tena?'"

Ile liseuse ndiyo iliyo kwenye saraka la meza ya zamani, ndani ya kitambaa. Mmoja wenu aliniuliza kwa nini sikubali ipewe mwalimu. Sasa mnajua. Mkitaka kuiona itoeni, ila kurasa msizisogeze mbele. Na kabla ya kusema itakuwa tu sawa, chukua épreuve yako utoke nje, ukae pale msomaji atakapokaa, hata kama ni kwenye benchi la nyuma, karibu na nguzo.

Mimi niliandika daftari lile lote, kwa hiyo najua kurasa tano zile zinasema nini. Alinikataza nisimwambie, nami nilitii. Usiku na mchana najiuliza kama nilifanya vizuri. Labda angetaka kujua. Labda alijua kuliko mimi. Sasa kazi nimeiweka chini, na sitaki kwenda nayo kaburini.

Mama Masika alimwandikia mumewe hivi: "Papa Kahindo, mulango ya jikoni inakokota chini. Usiite fundi. Mvua ikiacha tutaitengeneza sisi wawili, wewe utapiga misumari, mimi nitashika. Usianze bila mimi."